Nyati Aliposhika Mchi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walionyimwa chai. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kale ya kweli, kanga akiwa bado hana madoa, wanyama walitwanga mtama pamoja. Kinu kimoja, kikubwa. Michi miwili. Wawili wanatwanga, wengine wanapepeta, wengine wapo wapo tu kama wajumbe wa kamati.

Na kinu kilikuwa na sheria. Ukishika mchi, unaimba lililo kifuani mwako. Ukishika mchi, huuachi mpaka mtama uwe unga. Na lililoimbwa kinuni halijibiwi kwa pembe wala kwa kucha. Linajibiwa kwa mchi. Tu! Ti! Tu! Ti!

Basi Nguchiro akamwimba mumewe anayekoroma. Tu! Ti! Punda akauimba mgongo wake. Tu! Ti! Wanalia, wanacheka, unga unatoka laini, wanarudi makwao wepesi. Dawa ya bure, na ugali juu yake.

Bosi wa kinu alikuwa Nyati. Shingo nene, pembe nene, na cheo kinene kuliko vyote. Siku moja akasimama, akakohoa, hem!

"Tangazo! Kuanzia leo kinuni ni kimya. Hapa ni kazini, si msibani. Hakuna kuimba, hakuna drama, mnatuharibia imeji. Tabasamuni!"

"Tumtabasamie nani, bosi, mtama?" akauliza Nguchiro. Mdomo wake haukuwa na breki.

"Tabasamia kazi yako!"

Wakatwanga kimya. Lakini bila wimbo utaijuaje zamu yako? Michi ikagongana. Kwa! Kwa! Punda akapondwa ukwato. Unga ukatoka chenga, ugali ukawa kama kula kokoto. Na vifua vikajaa. Asubuhi wanasalimiana: "Mambo?" "Poa." Poa wapi! Macho mekundu, stresi mpaka masikioni, wanagombania ungo kama urithi.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Kanga.

Siku mbili kabla ya tangazo, Kanga alikwenda mtoni kunywa maji. Kurudi, kiota kimesagika. Alikuwa na mayai sita. Matano maganda matupu. Limebaki moja. Nani kayakanyaga? Hakuna aliyejua. Kanga akangoja zamu yake kinuni, akalie huko. Zamu haijafika, tangazo likafika. Kilio kikamkwama kooni kama kiazi kikavu.

Lile yai moja akataka kulilalia. Akikaa tu, anadhani anasikia kishindo cha mkanyagaji, puh! Anaruka. Anakaa tena. Puh! Anaruka. Na yai likaanza kupoa.

"Shoga, niachie mimi nilikalie," akasema Nguchiro.

"Wewe? Nguchiro na yai?" Punda akacheka mpaka akakaa chini. "Utalikalia au utalikaanga?"

Kanga hakucheka. Akalibeba yai lake mpaka kwa Nyati.

"Bwana mkubwa, naomba wimbo mmoja. Mmoja tu. Yai langu linapoa, na mimi siwezi kutulia."

Nyati akalitazama yai. Haraka akatazama pembeni.

"Utaratibu ni utaratibu. Lete barua."

Barua! Ndege hana hata mfuko, alete barua. Na hiyo barua ingekaa mezani mpaka kifaranga awe bibi.

Kanga akatoka hapo moja kwa moja mpaka kinuni. Akalifukia yai ndani ya pumba zilizoota jua, zikiwa bado na joto. "Punda, linda yai," akasema. "Na umlinde Nguchiro." Akashika mchi. Akaimba:

*Tu! Nilikwenda kunywa maji,*
*Tu! Nikarudi sina watoto.*
*Tu! Nani kapita kwangu,*
*Tu! Asibishe hata hodi?*

"Nani kapita? Nani kapita?" wakaitikia wote, na walikuwa hawajaitikia tangu tangazo.

Nyati akasikia. Akaja mbio, gidi gidi gidi, vumbi juu.

"Nyamaza! Lete huo mchi!"

Akaunyakua.

Hapohapo Nguchiro akapasua hewa: "Kashika mchi! Jamani, bosi kashika mchi!"

Nyati akatazama kwato zake. Kweli, kashika. Na mtama kinuni ungali mzima. Autupe? Tangazo la kimya lilikuwa lake, la juzi. Sheria ya mchi ilikuwa ya babu zake, na wote walikuwa wanamtazama. Kanga akachukua mchi wa pili. Ti! Akangoja.

Nyati akainua mchi. Mwili wote ule, sauti ikatoka nyembamba kama uzi:

*Tu! Nilifukuzwa na nyigu,*
*Tu! Nyigu mmoja, mdogo.*
*Tu! Nilikimbia sitazami,*
*Tu! Chini ya kwato, kwaruu!*
*Tu! Nikaona haya. Nikawanyamazisha.*

Hakuna aliyecheka. Hata Nguchiro.

Mchi wa Kanga ukasimama hewani, usawa wa pua ya Nyati. Ungeweza kushuka popote.

Ukashuka kinuni. Ti! Na kilio kikashuka nao. Akamlilia wa kwanza. Ti! Nyati akajibu, tu! Akamlilia wa pili. Ti! Tu! Wa tatu, wa nne, wa tano. Wakatwanga, mmoja mkubwa, mmoja mdogo, wote wanalia, mpaka mtama ukawa unga, na unga ukaruka juu kama moshi. Popote chozi lilipomdondokea Kanga, unga ukanata. Doa hapa, doa pale. Hakujifuta.

Akaweka mchi chini. "Kesho ulete nyasi laini," akamwambia Nyati. "Kiota unakijua kilipo."

Nyati, aliyekuwa halali tangu siku ya nyigu, akalala mchana huohuo, akakoroma kuliko mume wa Nguchiro. Kanga akalichukua yai lake. Lilikuwa na joto, na Nguchiro alikuwa ameliramba mara moja tu. Akalikalia. Akangojea kile kishindo. Akasikia michi kwa mbali, tu, ti, tu, ti, na wimbo wa Punda. Akakaa. Akaendelea kukaa.

Siku ya kumi na moja, pio! pio! Wa kwanza kusikia alikuwa Nyati, aliyekuwa akipita na mzigo wa nyasi, anatazama kila anapokanyaga.

Funzo ndilo hili, wakubwa na wadogo: ukimnyima mtu nafasi ya kulia, hujamwondolea uchungu, umemfungia nao ndani. Mwache auimbe, kazi itakwenda. Na wewe uliyemkanyaga, shika mchi wa pili.

Hadithi yangu imeishia hapo, kinu nimekiinamisha. Anayetaka ugali asogee.