Mzungu wa Sikio la Kushoto

Taarifa ya habari ya jioni ilipokaribia, watu wa kituo kile kidogo cha redio walifunga milango polepole kama wenye mgonjwa ndani. Msomaji wa taarifa hiyo alikuwa mwanamke asiyeona, naye alihitaji kimya. Mezani hakuweka karatasi, bali kompyuta mpakato iliyomsomea habari kupitia kisikizi cha sikio la kushoto. Alichokisikia alikirudia hewani papo hapo, bila kukwama, na wasikilizaji wengi hawakujua kwamba haoni.

Sauti ya kompyuta hiyo ilikuwa kituko. Ilikuwa imeundwa kwa lugha ya kigeni, kwa hiyo ilikivunjavunja Kiswahili: "maji" ikawa "meji", "kumi" ikawa "kyumai". Wenzake walicheka wakashika mbavu, wakaibandika jina la Mzungu. Yeye alikuwa ameizoea kama mama anavyomzoea mtoto mwenye kithembe. Aliiendesha kasi kama cherehani, na kwa miaka mingi aliifundisha kutamka majina ya watu na miji, moja moja.

Hata hivyo, maneno ya watu huingia. Siku moja mtangazaji wa michezo, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alimwambia:

"Dada, siku hizi kuna mfumo mpya wa kompyuta. Sauti yake ni Kiswahili sanifu, utadhani bibi harusi. Wewe bado unahangaika na Mzungu wako?"

"Mzungu hajanikosea kitu," alijibu huku akicheka. Lakini usiku huo hakuridhika naye tena.

Jumamosi alimwita kaka yake, fundi wa simu ambaye kwa upande wa kompyuta alijua ya kuombea maji tu, amwekee mfumo huo. Mfumo mpya ulizungumza Kiswahili tangu mwanzo. Kaka alimsomea dada kila swali lililotokea.

"Hapa inauliza, futa diski yote?"

"Futa, kaka. Mtu hahamii nyumba yenye vumbi."

"Inauliza tena kama tuna hakika."

"Ina maswali kama mama mkwe. Futa bwana."

Kaka akafuta. Wote wawili walifikiria kitambaa na vumbi. Kompyuta ilikuwa na maana yake nyingine. Mfumo wa zamani, Mzungu mwenyewe na majina yote aliyofundishwa vikaenda na maji.

Sauti mpya ilikuwa tamu kwelikweli. Mwanamke yule aliisikiliza mpaka akaionea huruma miaka aliyoishi na Mzungu.

Jumatatu jioni aliguswa begani, ishara kwamba yuko hewani. Sauti mpya ikaanza kwa madaha, ikivuta pumzi kila penye mkato, naye akabaki analisubiri neno linalofuata. Alipoiongeza kasi, ikaanza kumeza silabi. Katikati ya habari ya mafuriko alinyamaza kabisa. Akaomba radhi, akaanza upya, akakwama tena, mpaka fundi mitambo akaweka muziki. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu aanze kazi.

"Sikufukuzi, dada yangu," msimamizi wa kituo alimwambia. "Lakini taarifa ya jioni siwezi kuichezea. Ijumaa ukisoma vizuri, kiti ni chako. Ukishindwa, nampa mwingine."

Kaka alijaribu kuurudisha mfumo wa awali, akagonga mwamba. Sehemu ya akiba iliyowekwa ndani ya diski kwa kazi hiyo nayo ilikuwa imefutwa. Wakampelekea fundi wa kompyuta, mama mtu mzima asiyependa mzaha.

"Mfumo utarudi," alisema. "Kibali chake kimo ndani ya mashine yenyewe, hakifutiki. Nitapakua nakala inayoifaa. Vitu vyenu mlivihifadhi pembeni?"

"Hatukuhifadhi," kaka alikiri.

"Basi itarudi kama ilivyotoka kiwandani."

Alhamisi kaka aliandika "karibu nyumbani", na kompyuta ikajibu, "Keribu nyambeni." Dada alicheka, kisha machozi yakamtoka. Alishinda siku nzima akimfundisha Mzungu majina, lakini miaka haifundishiki kwa siku moja.

Ijumaa alianza vyema. Kasi yake ya zamani ilikuwa imerejea. Kisha ikaja habari ya daraja lililosombwa na maji, na jina la mji Mzungu akalitamka kwa namna ambayo hakuna binadamu angeielewa. Msomaji akakisia. Akautaja mji mwingine. Simu za kituo zikaanza kulia kabla taarifa haijaisha. Watu walikuwa wakiulizia jamaa zao, wengine wakilia.

Taarifa ya jioni iliyofuata ilisomwa na mtangazaji wa michezo. Nyumbani, kaka alinyoosha mkono kuzima redio.

"Iache," dada alisema. "Nataka kuyasikia hayo majina."

Akaivuta kompyuta karibu, akaandika jina la kwanza, akamsikiliza Mzungu akiliharibu, akalisahihisha. Kaka alikaa kando yake. Wahenga walikwisha kulisema: usiache mbachao kwa msala upitao.