Mwanakawa, Rafiki wa Sikudhani

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kwa kununa? Aliyeshiba aitike mara moja, mwenye njaa aitike mara mbili. Paukwa!

— Pakawa! Pakawa!

Kukawa na nini?

— Tuambie wewe uliyekuwepo!

Mimi sikuwepo, lakini aliyenisimulia aliapa. Basi zamani hizo, kuku walipokuwa bado wakipiga hodi kabla ya kuingia jikoni, palikuwa na kijiji kando ya mto, na watu wake walilima mpunga. Hapo aliishi msichana wa miaka kumi na mitano, jina lake Sikudhani, pamoja na mama yake, Bi Hadia. Bi Hadia alikuwa mchapakazi, tena mpole kwa watu wote isipokuwa mwanawe.

Sikudhani alisumbuliwa na mambo matatu. La kwanza, moyo ulimwenda mbio hata alipokuwa amekaa kitako, hakimbizwi na mtu. La pili, huzuni ilimkalia tangu anapoamka, hata akaenda harusini akalia, watu wakadhani alimtaka bwana harusi. La tatu, akili yake haikutulia pahali. Alitumwa chumvi, akarudi na kuni. Alitumwa kuni, akarudi na kinyonga. Alitumwa shambani kuamia ndege, awafukuze wasile mpunga, akakaa akitazama siafu wanavyohama, na ndege wakala wakashiba wakasinzia palepale. Msicheke. Haya, chekeni, lakini kidogo.

Bi Hadia hushika kiuno. "Sikudhani! Mvivu wewe! Sikudhani! Kichwa maji wewe! Sikudhani! Wenzio wote wanaweza, wewe una nini?"

Sasa hilo "una nini" ndilo swali Sikudhani alilotamani kuulizwa. Lakini mama yake aliliuliza huku anaondoka, na jibu lilipofika mdomoni, mama keshafika uani anafukuza mbuzi.

Siku moja Sikudhani akajikaza. Akamfuata mama jikoni.

"Mama."

"Nini tena?"

"Nina... nina rafiki."

"Rafiki gani?"

"Ana shida."

"Anaitwaje?"

Macho ya Sikudhani yakazunguka jikoni kutafuta jina, yakaangukia kawa lililofunika wali. "Mwanakawa," akasema. "Wa ng'ambo ya mto."

Basi akamweleza yote. Jinsi moyo wa Mwanakawa unavyokwenda mbio. Jinsi Mwanakawa anavyoamka hana hamu ya kitu. Jinsi Mwanakawa akitumwa anavyosahau alichotumwa, na akikumbuka anaona haya. Bi Hadia akaweka mwiko chini, machozi yakamtiririka.

"Maskini mtoto wa watu! Mama yake hana macho?"

"Anayo."

"Hana masikio?"

"Anayo, tena yana hereni."

"Basi ana nini?"

"Ana kazi nyingi," akasema Sikudhani.

Sikudhani alifurahi kwamba maneno yametoka. Halafu akaumia, kwa sababu huruma yote ilivuka mto ikaenda kwa Mwanakawa, na yeye aliyesimama pale jikoni hakubakiziwa hata tone. Bi Hadia akafuta machozi, akanusa hewani. "Na hayo maharage yanaungua unayaangalia tu, mvivu wewe!"

Sikudhani akaipeleka habari ya Mwanakawa kwa Jumbe Shemdoe, mkubwa wa kijiji, mtu mwenye tumbo na sauti. Jumbe akasikiliza, akatikisa kichwa. "Ungekuwa wewe, ningekuongezea jaruba la kupalilia. Lakini yule mtoto anaumwa! Mwambie apumzike, na watu wasimpigie kelele." Akalisema hilo kwa kelele.

Kisha Sikudhani akaenda kwa Bi Tausi, mkunga, ambaye ndiye aliyekuwa akitibu kila kitu hapo kijijini. Bi Tausi alikuwa anatafuna tambuu. Sikudhani akaanza: "Nina rafiki..."

"Mwanangu," akasema Bi Tausi, "mwaka wa arobaini huu nafanya kazi hii, na sijapata kumtibu mtu mwenye shida. Wote wanaokuja hawana neno, wenye shida ni rafiki zao. Haya, endelea."

Akamsikiliza hadi mwisho. Hakumkatiza, hakumcheka. Kisha akatema tambuu. "Huyo si mvivu. Anaumwa, na maradhi yake yana matunzo. Lakini siwezi kumtunza mtu nisiyemwona. Akiwa tayari, mlete."

Sikudhani akatoka mbio bila hata kuaga.

Sasa, nyinyi mnajijua. Mkisikia pana mgonjwa, miguu inawawasha mpaka mwende kumjulia hali. Watu wa kijiji kile walikuwa hivyo hivyo, na Bi Hadia alikwisha kueneza habari. Siku ya kwanza wakamuuliza Sikudhani kisimani: "Mwanakawa yuko wapi tukamwone?" Akasema amelala. Siku ya pili: "Mwanakawa yuko wapi?" Akasema amekwenda kwa bibi yake. Siku ya tatu: "Mwanakawa yuko wapi?" Akasema anaoga. Anaoga tangu asubuhi hadi alasiri! Huyo si msichana, ni kiboko.

Bi Hadia akakata shauri. "Ijumaa mlete hapa kwangu. Kwao hawamwoni, sisi tutamwona."

Ijumaa ikafika. Nyumba ikafagiliwa, kitanda kikatandikwa mkeka mpya. Wanawake wakaja na bokoboko, wakaja na uji wa mchele, wakaja na kuku wa nazi. Jumbe Shemdoe alikuja na mdomo wake tu, lakini alikaa karibu na kuku. Na Sikudhani akatumwa kivukoni kumpokea mgonjwa.

Akakaa ukingoni mwa mto akajikunyata. Moyo ulimwenda mbio. Mara akamwona Bi Tausi anakuja na furushi kichwani.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Sikudhani akang'oa jani, akalichanachana, akalitupa mtoni.

"Bi Tausi," akasema mwishowe, "nikirudi peke yangu nitaitwa mwongo, juu ya huo uvivu. Sitasikilizwa tena na mtu, na mimi siwezi tena kukaa na mambo haya peke yangu. Nimechoka."

"Basi usirudi peke yako. Rudi na Mwanakawa."

"Lakini hayupo!"

"Yupo. Namwona anatetemeka." Bi Tausi akafungua furushi, akatoa kanga mbili, akamfunika msichana tangu utosini hadi kwenye kucha. "Nitakushika mkono mpaka kitandani. Mengine utaamua mwenyewe."

Wakaenda. Watu walipoliona lile furushi la kanga linatembea, wakapisha njia kwa heshima. "Pole, Mwanakawa!" "Pole, mwanangu!" "Pole sana, mama!" Sikudhani hakuwahi kupewa pole nyingi hivyo hata siku aliyotumbukia kisimani.

"Mbona ana urefu wa Sikudhani?" akauliza Jumbe.

"Wa umri huo wote ni urefu mmoja," wakamjibu.

"Na Sikudhani mwenyewe yuko wapi?"

"Atakuwa na siafu wake," akasema Bi Hadia. Akakaa kando ya kitanda, akaanza kuikanda miguu ya mgonjwa taratibu. "Nieleze, mwanangu. Ulianza lini kuumwa?"

Chini ya kanga ikatoka sauti ndogo, ikaeleza. Ilieleza moyo, ikaeleza huzuni, ikaeleza akili isiyotulia. Ikaeleza asubuhi ambazo hata kuamka ni kazi. Na msiniulize mbona mama hakuijua sauti ya mwanawe. Wewe pale unayetafuna, lini ulikaa ukamsikiliza mwanao akueleze jambo lake mpaka mwisho? Eeh. Endelea kutafuna.

"Na mama yako ulimwambia?" akauliza Bi Hadia, machozi yanamlengalenga.

"Nilijaribu mara nyingi. Akaniita mvivu."

Bi Hadia akaruka juu. "Mwanamke gani huyo! Wallahi nikimtia mkononi nitamvuta sikio mbele za watu!"

"Mvute!" wakasema wanawake.

"Mvute hasa!" akasema Jumbe, mdomo umejaa kuku.

"Utamvuta kweli?" akauliza Bi Tausi.

"Nimeapa!"

Pale Sikudhani akashusha pumzi. Akaishika kanga kwa mikono yake miwili, akaivuta, akajifunua uso.

"Ni mimi, mama."

Hata Jumbe aliacha kutafuna. Bi Hadia akamtazama mwanawe, akamtazama tena, kama ndiyo kwanza anamwona. Kisha akainua mkono. Sikudhani akafumba macho. Lakini ule mkono ukapanda, ukapanda, ukalishika sikio la Bi Hadia mwenyewe, akalivuta mbele za watu wote, akalivuta mpaka hereni ikadondoka.

"Nimeapa," akasema.

Halafu akakaa. Safari hii alikaa, hakuenda uani, na mbuzi aliingia jikoni akala alichotaka.

"Una nini, mwanangu?"

"Nimekwishakueleza, mama."

"Nieleze tena. Pale nilikuwa namsikiliza mtoto wa watu."

Akaelezwa tena, na wote wakasikiliza, na uji ukapoa.

Mnataka niseme alipona siku hiyohiyo? Sisemi. Bi Tausi alisema matunzo haya ni ya muda mrefu, na kila Jumatatu Sikudhani akawa anakwenda kwake wanazungumza, anafundishwa namna ya kuvuta pumzi moyo unapokwenda mbio. Akawa anatumwa jambo moja kwa wakati mmoja, na analifungia fundo kwenye pindo la kanga asilisahau. Kila asubuhi Bi Hadia alimuuliza ameamkaje, akangoja jibu. Ziko asubuhi zilizokuwa nzito bado. Lakini alizibeba akiwa na watu. Na chumvi ilipotakiwa, mara nyingi ilikuja chumvi, na siku nyingine alikuja kinyonga, wakacheka wote.

Tena wiki ile ya kwanza haijaisha, Bi Tausi akasikia hodi. Kachungulia, kamwona Jumbe Shemdoe amesimama mlangoni, sauti yote imemwisha.

"Bi Tausi," akanong'ona, "mimi sina neno. Ila nina rafiki yangu mmoja, mtu mzima, mwenye tumbo kidogo. Moyo unamwenda mbio, usingizi hapati."

"Mlete," akasema Bi Tausi. "Ila huyo kanga mbili hazitamtosha. Nitaazima ya tatu."

Nami nimefika mlangoni kwangu, kufuli nimefungua, na hadithi naiacha hapo kizingitini. Aliyeipenda na aiokote aende nayo kwao. Na kama yupo mwenye rafiki anayetaka kuniuliza jambo, asubuhi nipo uani, nachambua mchele, na kigoda cha pili nimemwekea.