Kwa Nini Ngiri Hukimbia Mkia Juu

Zamani, mbuga ilipokuwa changa na twiga akilalamika kwamba kila kitu kiko chini mno, mkia wa ngiri ulining'inia nyuma kama kamba iliyosahauliwa mtini. Kazi yake ilikuwa kufukuza nzi, na hata kazi hiyo uliifanya kwa uvivu. Leo ngiri akikimbia, mkia husimama wima. Wapo wanaosema ni maringo. Si maringo, jamani. Ni wivu, na wivu huo ulikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Mama Tunu, ngiri mwenye watoto wanne, Tunu akiwa kitindamimba. Jirani yake kichuguuni alikuwa Bi Nguchiro, kiumbe wa kupimwa kwa shubiri, ambaye kila asubuhi aliwakusanya watoto wa mtaa mzima. Hakuwaimbia "jihadharini, jihadharini" kutwa. Aliwachezesha. Mmoja alijifanya mgeni, akaja na tunda: "Njoo mwanangu, mama yako kanituma." Wenzake waliruka nyuma hatua tatu, wakapiga kelele, "Hatukujui! Hatuji!" Kisha kiongozi aliinua mkia ili wa nyuma wamwone nyasini, wakamfuata mbio hadi shimoni, na humo wakahesabiana. Akikosekana mmoja, mchezo ulirudiwa.

Mama Tunu aliona gere. Nyumbani hakukuwa na jina jingine: Bi Nguchiro kasema hivi, Bi Nguchiro karuka vile. Mchana mmoja watoto walilala, Tunu akatabasamu usingizini, akalitaja jina hilohilo. Mama mtu alihisi kama amekanyaga kaa la moto.

"Kwani mimi nimewazaa au nimewaokota?" akawauliza walipoamka.

"Umetuzaa, mama," Tunu akajibu. "Lakini huchezi."

Akaondoka moja kwa moja hadi kwa jirani. "Shoga, mkia ni wa nzi, si bendera. Wanangu sitaki warushwerushwe kama vyura."

"Haya, mwenzangu," akasema Bi Nguchiro. "Ila ukiwachezesha mwenyewe, wafundishe kukataa."

"Kukataa nini? Wanangu wana adabu!"

Basi akaanzisha mchezo wake. Alichimbua viazi-mwitu vitamu, akajificha kwenye nyasi ndefu, akabana sauti: "Nani anataka kitamu?" Aliyefika wa kwanza alikula. Kwa siku tatu hakuna aliyemtaja Bi Nguchiro, na Mama Tunu alipita mbele ya kichuguu akitembea kama bibi harusi.

Fisi naye alikuwa kichakani, akitazama. Watoto wa nguchiro aliwahi kuwajaribu, akaambulia kelele zilizomziba masikio siku mbili. Mchezo huu mpya ulimpendeza. Siku ya nne akachimbua kiazi, akabana sauti: "Nani anataka kitamu?"

Wote wanne walitoka mbio, Tunu mbele.

Mama Tunu, aliyekuwa akichimba upande wa pili, alisikia sauti isiyo yake ikisema maneno yake. Akainua kichwa, akaona mgongo wa Fisi. "Rudini! Njooni huku!" Lakini nyasi ziliwafunika watoto. Walisikia wakiitwa huku, wakaitwa na kule, na mama alikuwa amewafundisha kumwendea yeyote aitaye. Wakabaki wakizunguka palepale. Fisi akajilamba.

Mama Tunu alijua la kufanya. Alijua pia kwamba majirani wote wamepanda kichuguuni wanatazama, na Bi Nguchiro yuko mbele yao. Aibu ilimshika kwa pumzi moja tu.

"Hatukujui!" akanguruma. "Hatuji!" Akageuka, akainua mkia hadi ukamuuma, akatimua mbio.

Tunu aliuona ule mkia juu ya nyasi. "Mchezo!" akapiga kelele, na miguu ikakumbuka kabla ya kichwa. Ndugu zake wakamfuata kwa mstari. Shimoni mama aliwasukuma ndani, yeye akaingia mwisho, kinyumenyume, meno yakitazama mlangoni, huku akihesabu kwa sauti. Mmoja. Wawili. Watatu. Akangoja. "Nipo, mama, umenikalia!" akasema Tunu. Fisi alipochungulia, alipokea jino la pua, akaondoka bila kuaga.

Jioni Mama Tunu alikwenda kichuguuni, macho chini. "Kesho wanangu waje?"

"Waje na mama yao," akasema Bi Nguchiro. "Sisi wafupi tulikosa kiongozi mwenye mkia wa kuonekana."

Na tangu siku hiyo ngiri hukimbia mkia juu, watoto nyuma yake kwa mstari, naye huingia shimoni kinyumenyume. Hata kupe wake siku hizi hutolewa na nguchiro, ngiri akiwa amejilaza kimya kama mgonjwa. Lakini usidhani wivu umekwisha. Mtoto wake akimganda nguchiro kupita kiasi, ngiri huguna, huinuka, kisha huja kujilaza katikati yao.