Mikanda Iliyokaukia Usoni

Ndugu zangu, leo sikuja kuwabembeleza. Nina hasira, na sitaificha kwa sababu tu nimevaa kanzu nyeupe ya kichungaji. Kaeni vizuri niwasimulie.

Alikuwapo fundi viatu mmoja, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye mitumba ilikuwa imemmaliza. Nani atashonesha kiatu wakati sokoni vimemwagwa marundo? Akasikia kwamba huko nyanda za juu, kwenye mashamba ya farasi, yuko mama mmoja anayetengeneza matandiko kwa mkono: hatamu, mikanda ya kichwani, viti vya kupandia. Akafunga safari, akabisha hodi karakanani kwake.

"Mama, nifundishe. Ngozi naijua. Nimeishika miaka ishirini."

Yule mama akamtazama juu mpaka chini. "Unaijua ngozi iliyokwisha kulainishwa na wenzako. Ngozi mbichi huijui. Na usiniletee ufundi wa viatu hapa, tutakosana."

Basi akaanzishwa chini kabisa. Alikwangua nyama na manyoya mpaka mikono ikanuka, mkewe akiwa mbali asijue. Aliloweka ngozi, akaikata ukanda mmoja mrefu kwa kuizunguka, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Akasuka nyuzi nne, zikafumuliwa. Akasuka tena, zikafumuliwa tena. "Hii umesuka au umefunga kuni?" Mama yule alikuwa na ulimi, jamani! Lakini jambo moja alilirudia kila siku bila mzaha: "Ngozi mbichi ikikauka hujivuta. Kaushia kwenye gogo. Ikishakauka ipake mafuta, ipondeponde ilainike, ndipo imguse mnyama. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia kweli? Sisi nasi husema tumesikia.

Mwaka ulipotimia, mama akafiwa na dada yake, akaenda msibani. Nyuma yake akaja mwenye shamba jirani akimvuta farasi jike mwekundu, mnyama mpole ambaye hata watoto walimpanda. Akasema, "Nataka mikanda mipya ya kichwani. Keshokutwa nina wageni."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza peke yake. Akiipatia, angefungua karakana yake na kuwaleta mke na watoto. Akiiharibu, angerudi kwenye viatu visivyo na mnunuzi. Roho yake yote ilikuwa kwenye mikanda ile, na mimi simlaumu kwa hilo.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi ya siku ya wageni akaishika ngozi pale kwenye gogo, bado ilikuwa teketeke. Hapo ndipo ufundi wa viatu ulipomponza. Fundi viatu hufanyaje? Huilowesha ngozi, huivuta juu ya kalibu ya mti, huiacha ikaukie hapo hapo ipate umbo. Akajiambia: kichwa cha farasi si ndiyo kalibu yenyewe? Akamvisha mikanda ikiwa majimaji, akaizungusha puani na mashavuni, akaibana ikalingana, akaishona papo hapo usoni bila hata kuweka bizimu ya kulegezea.

Na ilimkaa, ndugu zangu! Ilimkaa utadhani alizaliwa nayo. Mwenye shamba, alipokuja kumchukua farasi wake, alipiga makofi. "Fundi, wewe ni moto! Twende wote, wageni wakuone."

Fundi kichwa kikamvimba. Wakaenda. Na jua, baada ya siku mbili za kujificha, likatoka kwa nguvu zake zote.

Saa tano farasi akaanza kutikisa kichwa. Mwenye shamba akacheka, "Hajazoea, ataizoea." Saa sita akawa anajisugua kwenye nguzo ya zizi, anajisugua mpaka manyoya yanatoka. Saa saba akapiga teke ndoo ya maji, akainua miguu ya mbele, mgeni mmoja akaanguka chali. Mnyama ambaye watoto walimpanda! Mwenye shamba akashika fimbo. "Mkaidi huyu! Ananiaibisha mbele za watu!" Akampiga. Akampiga tena.

Fundi wetu alikuwa wapi? Alikuwa palepale. Akasogea, akaona mkanda wa pua umezama ndani ya nyama. Akaona matundu ya pua yamebanwa, na farasi, ndugu zangu, hapumui kwa mdomo. Pua ikizibwa, amekwisha. Akajua. Sisemi alihisi, nasema alijua. Na kiunoni alikuwa na kisu cha kazi, kikali kiasi cha kuweza kunyolea ndevu.

Mwenye shamba akamgeukia huku anahema. "Fundi, hebu sema kweli. Mikanda yako iko sawa?"

Neno moja tu lilitakiwa. Mkato mmoja. Lakini wageni walikuwa wanamtazama, na ile ilikuwa kazi yake ya kwanza, ya kupendeza. Angeikataje kwa mkono wake mwenyewe? Akasema, "Iko sawa, mzee. Tatizo ni farasi. Mfunge kichwa kwenye nguzo, asiikwaruze."

Na wakamfunga.

Yule mama alirudi kutoka msibani saa kumi jioni. Alipoambiwa fundi yuko wapi, na kwamba mikanda imevishwa mbichi, hakutua hata mzigo wake, akafululiza mpaka zizini. Akamkuta farasi amelala chini na kamba imekaza nguzoni. Akaikata mikanda yeye mwenyewe. Ilikuwa migumu kama mfupa. Mnyama hakuvuta tena pumzi. Akamsikiliza mwenye shamba akisimulia yaliyotokea, akasimama, akamgeukia mwanafunzi wake.

"Kisu ulikuwa nacho?"

"Nilikuwa nacho, mama."

"Kilikuwa butu?"

"Hapana, mama. Kikali."

"Basi?"

"Niliona haya."

Mama akamwambia, "Kukosea kuvisha ningekusamehe, maana wanaojifunza hukosea. Lakini huyu alikulilia tangu saa tano asubuhi, wewe ukamtupia lawama yeye ili usalimike wewe. Hilo mimi sikukufundisha."

Nawaona mnatikisa vichwa. Mzee wa kiti cha mbele amesema "mshenzi", nimemsikia. Mnamkasirikia fundi? Mnajiuliza ni mtu gani huyo asiye na huruma? Tulieni. Ni sisi.

Mwaka juzi tulikaa humu kanisani, tukapitisha azimio kwamba msichana aliyezaa bila ndoa akae nje ya meza ya Bwana miezi mitatu, atulie, atubu. Azimio lilikuwa laini wakati ule, lilitukaa vizuri, tukapongezana. Kisha likaanza kukauka. Tukaongeza: alete barua ya wazazi. Wazazi wakamfukuza. Tukaongeza: alete shahidi wa toba yake. Nani angekwenda naye, wakati tulikuwa tumewaambia watu wasimsalimie? Miezi mitatu imekuwa mwaka na nusu. Jumapili iliyopita alisimama pale uani akapiga kelele, "Mnataka nini tena kwangu?" Na sisi tukasemaje? Mnakumbuka vizuri tulivyosema. Tulisema, mkaidi yule. Tulisema, aongezewe mwaka.

Msijitie hamnazo, na mimi sijitoi. Mkono uliotia sahihi ni huu. Nilimwona anavyokonda. Nilijua azimio letu linamnyonga, na nilikuwa na uwezo wa kulifuta siku yoyote. Nikaogopa mtasema mchungaji hana msimamo. Niliona haya, ndugu zangu, kama yule yule.

Tumekuwa hodari wa kuwavalisha watu, na tukishawavalisha hatugeuki kuwatazama nyuso. Mtu akilia tunasema ana pepo. Akinyamaza tunasema ana kiburi. Nani kati yetu amewahi kuupitisha mkono chini ya mkanda, aone kama mwenzake bado anapumua?

Karatasi ya azimio ni hii. Mnaiona. Naichana. Wazee wa baraza, mkitaka kunishtaki kwa askofu, nauli mnayo, njia mnaijua.

Meza imeandaliwa, mkate na kikombe viko tayari, lakini sitaigusa. Yule binti ameketi huko nje kwenye ngazi na mwanawe mgongoni, anatusikia kila neno, kama alivyotusikia Jumapili zote hizi akiwa nje. Hatutamega mkate huu bila yeye. Tutakaa hapa mpaka jioni ikibidi. Na msiseme "ameni", sijawaomba ameni. Wewe mzee uliye karibu na mlango, inuka ufungue.