Maji ya Kwanza ya Ndiva ya Ikongwe

Wewe uliyekaa karibu na kabati, kunja hilo tabasamu ulirudishe ulikolitoa. Nimekuona. Nilipotaja droni tu ukamkonyeza mwenzako, kana kwamba mimi ni kikongwe aliyeokota neno barabarani. Sungura akimdanganya simba, unaamini. Mtu usiyemjua akikutumia ujumbe kwamba umeshinda gari, unaamini na unamjibu. Bibi aliyeishia darasa la saba akikwambia kitu alichokiona kwa macho yake, hapo ndipo unapokuwa mjanja. Kunywa chai yako usikilize. Nyie wageni wa mjukuu wangu mmeteremka kwenye gari jana tu, hamna shamba hapa wala mkwe wa kumpendelea, kwa hiyo nina kazi na nyie.

Wapo watu watatu hapa Ikongwe, na kila mmoja kapewa lake.

Mbonea kapewa jicho la mbali. Anapiga video za harusi kule Same na huku milimani, na ukimpeleka mahali pageni, kabla hajasalimia wenyeji ameshajua asimame wapi ili aone kila kitu. Adabu ndogo, jicho kubwa.

Eliwaza, binti wa shangazi yake, ambaye wanafanya naye kazi hiyo, kapewa kutoamini. Ukimwambia maji ni ya moto, anatia kidole. Ukimletea sifa za mchumba, anakwenda kuuliza kwa majirani wa huyo mchumba. Ndiyo maana hajaolewa, na ndiyo maana hajatapeliwa.

Wa tatu ni Nakijwa, aliyeolewa msimu uliopita na kijana wa Mama Mrutu. Kwao ni upande wa pili wa mlima, watu wa kurina asali kwenye majabali, na yeye kapewa miguu. Mwembamba kama fagio, na hasemi sana, jambo ambalo wakwe hulipenda mpaka siku wanapotaka ajitetee.

Sasa sikilizeni shida yenyewe. Ndiva ni bwawa letu, wazee walilizungushia mawe na udongo kabla bibi yangu hajazaliwa. Maji yanajaa, kizibo kinafunguliwa asubuhi, yanateremka kwa mfereji kutoka shamba hadi shamba kwa zamu. Tangawizi ya Ikongwe inaishi kwa ndiva hiyo. Na maji yanatoka kwenye ufa katikati ya jabali la Mkwizu, juu kwenye ukuta wake, ambako hakuna mtu wa hapa aliyewahi kufika. Sisi tuliyajua yakishafika chini.

Kiangazi hiki maji yakapungua, yakawa uzi, yakakatika. Ndipo Mama Mrutu akakumbuka kwamba alimwona mkwewe akichota chini ya jabali kwa sufuria lenye masizi. Hapa kwetu chemchemi haiguswi na chombo chenye masizi, msichana anafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kupika. Nakijwa hakufundishwa. Kosa lilikuwa kosa, hata mimi ningemgombeza, kwa sababu masizi yanachafua maji ya watu. Lakini kutoka kuchafua maji hadi kukausha mlima ni mbali, na mkutano ulikwenda hapo kwa hatua moja. Wakakubaliana kwamba maji yasiporudi kabla ya tangawizi kunyauka, Nakijwa arudishwe kwao. Mumewe alikuwepo. Aliangalia viatu vyake mwanzo hadi mwisho.

Mbonea na Eliwaza hawakupenda. Walikuwa wanakwenda Moshi kununua vyombo vipya vya kupigia video za harusi. Wakasema, basi tununue vinavyofaa kuliangalia jabali, maharusi watavumilia.

Mbonea alikwenda kwenye droni. Muuzaji akamwekea mezani moja kubwa inayong'aa, na nyingine nyepesi kama karatasi, akamsifia zote mbili. Mbonea alikuwa na swali moja: upepo ukiisukuma, inarudi mahali pake au inakwenda zake? Muuzaji akamjibu kwamba inatoa picha nzuri ajabu za machweo.

"Sikuuliza machweo," Mbonea akasema.

Akaziacha zote mbili. Akachukua ya kijivu iliyokuwa nyuma ya rafu, mbaya kwa sura, lakini ina macho pande zote isije ikajigonga ukutani, na lenzi ya kuvuta kitu cha mbali kikaja karibu. Akaongeza betri za akiba, kwa kuwa baridi ya huku juu inazimaliza haraka. Kibali cha kurusha alikuwa nacho.

Siku ya kurusha tulijaa chini ya jabali kama tuko sokoni. Upepo wa Mkwizu unapanda kutoka tambarare, unagonga mwamba, unageuka. Nimeuona ukimvua mchungaji kofia na kumrudishia. Lakini ile ya kijivu ikasimama hewani kama kipanga anayechagua kifaranga. Tukaona kwenye kioo alichoshika Mbonea uso wa jabali ambalo tumeishi chini yake miaka yote hatujawahi kuonana nalo. Bamba kubwa la mwamba lilikuwa limemeguka likaufunika ufa kama kifuniko cha chungu. Pembeni ya bamba yameota majani mabichi, wakati kwingine kote kumekauka. Juu ya jabali kuna tundu linaloshuka ndani. Na kutoka kando kuna ukanda mwembamba wa mwamba unaofika mpaka kwenye ufa, ambao ukiwa chini huuoni hata ukodoe macho. Mama Mrutu akasema ubichi ule ni umande tu. Mbonea akataka kuingiza droni kwenye tundu amwonyeshe. Eliwaza akamshika mkono, mapanga ya droni yangegonga mwamba, ikaanguka, tusione tena kitu. Jicho la mbali likaishia hapo.

Eliwaza naye kule dukani alikuwa amechagua chake. Ni kamera ndogo, zile ambazo waendesha baiskeli wanafunga kifuani na wapiga mbizi wanashuka nazo. Aliomba ndoo ya maji. Muuzaji akamwambia hakuna haja, haipitishi maji, imeandikwa kwenye boksi.

"Litakaloingia majini si boksi, kaka yangu."

Akaitumbukiza, muuzaji kashika kifua. Akaitoa, akaingia nayo stoo akazima taa, aone inaona nini gizani. Akaitikisa kama chupa ya dawa, aone picha inatulia au inacheza. Mbili zilishindwa. Ya tatu, ndogo kama kipande cha sabuni, ikamridhisha, akanunua na tochi ya kuzama majini.

Walipanda juu ya jabali kwa njia ya nyuma, Eliwaza akafunga kamera na tochi pamoja kwenye kamba, akavishusha tunduni. Picha haipenyi mwamba, kwa hiyo ilibidi kusubiri mpaka vipandishwe, na watu wa Ikongwe kusubiri hawajui, kila mtu alikuwa anamfundisha kushika kamba. Waliporudi chini tukaona. Kamera ilizunguka, ikagonga ukuta, ikaingia majini. Ndani ya jabali maji yalikuwa yamejaa, meusi, yametulia kama ya tangi. Hayakukauka. Yalizibwa. Na lile bamba zima lilikuwa limeshikiliwa na jiwe moja tu, kubwa kama kichwa cha mbuzi, limekwama chini upande wa kushoto. Likitoka hilo, bamba linaanguka nje. Lakini wanaume walikuwa wameshanoa ncha za mitalimbo waligonge bamba kwa juu. Wangeligonga pale, lingeteleza likaingia ndani, tukaziba maji yetu kwa mikono yetu mpaka kiama. Wakaiweka mitalimbo chini taratibu, kama vile walikuwa wanaipumzisha tu.

Sasa mmeona njia, mmeona jiwe. Nani aende? Wanaume waliutazama ule ukanda kwenye kioo, na kila mmoja akakumbuka goti lake. Nakijwa akavua viatu. Akafunga kanga kiunoni, akachukua mtalimbo mfupi, akajifunga kamba kama wafanyavyo kwao. Hakuna aliyemtuma. Mama Mrutu akamfuata mpaka mwanzo wa njia.

"Ukianguka watasema ni mimi niliyekupeleka."

"Waambie nilijipeleka, mama."

"Watakubali?"

"Walikubali la sufuria."

Akaenda. Uso kwenye mwamba, visigino hewani, kisigino kimoja kinasubiri kingine. Mbonea alirusha droni tumwone, kisha akakigeuza kioo tuone wachache tu, kwa sababu wengine walikuwa wanalia na kelele zao zingemfikia. Alipofika alijifunga kwenye mzizi, akajibanza pembeni, nje ya bamba, kama Eliwaza alivyomwelekeza, akatia mtalimbo chini ya lile jiwe, akaukalia. Mara ya kwanza hakuna kitu. Akausogeza, akaukalia tena.

Bamba likaondoka. Maji yakatoka kwa nguvu iliyonifanya nirudi nyuma, mimi nisiyerudi nyuma kwa ng'ombe dume, na Nakijwa akapotea ndani ya ukungu wake. Mama Mrutu alikaa chini, hakuchagua pa kukaa. Halafu ukungu ukapungua tukaiona kanga, imebandikwa ukutani, na mwenyewe yumo ndani yake.

Sisi hapa kushukuru tunakujua kwa shida, ukimpa mtu embe anakuuliza kwa nini si mawili. Siku hiyo walishukuru mpaka nikaona aibu. Wazee walimshika Mbonea kichwa kama mtoto. Mama yake Eliwaza, aliyekuwa akisema kila siku kwamba vyombo vile ni vya kupotezea ujana, aliibeba ile kamera kwenye kitambaa cha kanisani. Mimi, ambaye kwa siku zile zote nilikuwa naoga kwa kikombe, nilimwambia kila mmoja wa wale watatu asante, na nikarudia, jambo ambalo marehemu mume wangu hakulipata. Na Mama Mrutu alikwenda jikoni kwake akalitoa lile sufuria. Akalipeleka mahali watu wanapomwona, akalisugua kwa mchanga na jivu, ndani na nje, mpaka likawa jeupe. Akampa mkwewe. Nakijwa hakumdai zaidi ya hilo.

Mngedhani yameisha. Ndiyo kwanza yanaanza.

Desturi ya ndiva yetu ni kwamba aliyerudisha maji anapewa maji ya kwanza, yote. Wewe unataka kusema yagawanywe, nimeshakuona unafungua mdomo. Mfereji umekauka mpaka umepasuka, unakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Ukiyagawa mara tatu hayafiki shamba lolote. Ukiyaelekeza kwa mmoja, shamba moja linanywa likashiba. Haya yaliyojaa ndivani leo ndiyo yaliyokuwa yamejikusanya ndani ya jabali. Kuanzia sasa yanatoka kidogo kidogo kama ya kila kiangazi, na mpaka ndiva ijae tena ni wiki nzima. Sisi wengine tulipanda mapema, tangawizi yetu imekomaa, itangoja. Hawa watatu walichelewa kupanda, wawili kwa ajili ya harusi za watu, mmoja kwa ajili ya harusi yake. Majani yao yameshakuwa njano. Mmoja atavuna. Wawili mwaka huu watakula kwa mikono ya majirani, na jirani anakulisha huku anahesabu.

Na hao watatu wenyewe, badala ya kugombana kama watu wenye akili, wanashukuriana.

Mbonea anasema apewe Eliwaza. Yeye alionyesha mlango tu, anasema, na kama si ile kamera, wanaume wangegonga bamba pale pale alipowaonyesha, na jicho lake lingekuwa ndilo lililoua ndiva.

Eliwaza anasema apewe Nakijwa. Anasema alishusha kamba akiwa amekaa juu ya jabali, kashiba uji, na picha haijawahi kumwagilia shamba. Aliyeweka mwili wake mbele ya maji ni mmoja.

Nakijwa anasema apewe Mbonea. Nilimuuliza mwenyewe, nikamwambia, mwanangu, acha unyenyekevu, hilo shamba ndilo ulilopewa ulipoolewa. Akanijibu, "Bibi, miguu hii ninayo tangu nilipokuja. Nilipita chini ya jabali lile kila siku huku wakinisema, sikujua kama kuna njia. Yeye ndiye aliyeangalia juu kabla ya kunihukumu."

Basi wamekaa hivyo, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Adabu nzuri sana, na tangawizi inaendelea kukauka. Watu nao wamegawanyika. Kuna wanaosema bila njia hakuna safari. Kuna wanaosema bila kujua jiwe, safari ingekuwa ya maangamizi. Kuna wanaosema Nakijwa, na ukiwauliza kwa nini, wanasema walimwonea. Hao siwasikilizi. Huruma ina mahali pake, na deni la sufuria ni la Mama Mrutu, ndiva haihusiki. Nataka mtu anipimie kazi kwa kazi. Kati ya jicho, mashaka na miguu, ondoa kimoja, uniambie ni kipi ambacho bila hicho bado tungekuwa na maji.

Kamati imenikabidhi mimi kizibo, kwa sababu shamba langu liko juu ya ndiva na maji hayapandi mlima, kwa hiyo sina cha kupata. Ni kweli. Ila nina shukrani kwa wote watatu, na shukrani haijui kupima, nimejaribu tangu jana. Ndiyo maana nimewapa chai nyie ambao hawa watatu hawajawatendea kitu.

Hilo jembe nipe, lipo nyuma yako. Na kanga yangu. Jua likishapanda maji yanapotelea njiani, siwezi kukaa hapa kuwabembeleza. Nakwenda kukaa pale kwenye kizibo. Wewe mwenye tabasamu, na wewe, na nyie mliojificha nyuma ya vikombe: maji haya ungempa nani? Mkipata jina, mmoja wenu aje alitaje mbele ya watu, na aseme na kwa nini, maana wale wawili wengine watakuwepo na watakuwa wanamshukuru.

Mlango naufunga. Zozaneni humo humo.