Maumivu ya Chui Yanayohamahama

Zamani hizo, enyi watoto, wanyama walipokuwa na zahanati yao wenyewe, mganga wao alikuwa Pimbi. Jioni moja alimkanda Korongo bawa lililovunjika, kama alivyofanya kila jioni, akamwambia limeunga: alale usiku mmoja tu, kesho ataruka kwenda kwa wanawe.

Mara mlangoni, kwata, kwata. Ni Chui, anachechemea mguu wa mbele wa kushoto.

Pimbi aliguna. Sheria ya zahanati aliitunga mwenyewe: anayekuja akichechemea hafukuzwi. Chui aliijua vizuri. Kwa sauti ya unyonge akaeleza alivyoteleza kwenye jabali, akaomba kitanda, ikiwezekana kile cha jirani na Korongo, maana yeye hupenda mazungumzo.

Korongo alitetemeka hadi unyoya ukadondoka.

Pimbi akaenda kuchukua bandeji. Aliporudi, mgonjwa alikuwa amejisogeza hatua tatu karibu na Korongo, na sasa anachechemea mguu wa kulia.

"Bwana Chui, si ulikuwa wa kushoto?"

Chui akaitazama miguu yake. "Ulikuwa huo, Mganga. Maumivu yamehamia huku."

"Yamehama? Basi pole sana. Hayo ndiyo mabaya kupita yote. Nikifunga mguu mmoja yatakimbilia mwingine, na mwisho yataingia tumboni. Hapo hutaonja nyama tena."

Chui, aliyeogopa njaa kuliko mkuki, akajilaza chali na kunyoosha miguu yote minne.

"Funga, Mganga. Usiache hata mmoja."

Pimbi akafunga. Akaweka mabanzi ya mianzi, akazungusha bandeji, akakaza mafundo, kru, kru, kru, mpaka Chui akawa kama meza iliyopinduliwa. Ndipo Chui alipogeuza shingo, akamwona Korongo yuko pale pale, na yeye mwenyewe hawezi hata kujikuna.

"Mganga, nimeshapona."

"Wagonjwa wote husema hivyo," Pimbi akajibu. "Wiki sita."

Korongo alicheka mpaka mdomo ukagonga ukuta, kisha akalala fofofo.

Asubuhi Pimbi alifungua mlango, akamtazama Korongo akipaa hadi akawa nukta. Akapika uji wa mtama, akaupooza, akaketi kitandani kwa Chui na kumlisha kijiko kwa kijiko, kwa kuwa aliyelazwa ni mgonjwa, awe yeyote yule.

Nanyi mjue: anayejifanya mgonjwa ajiandae kutibiwa.