Nani Ammalize Pamba

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kwani wengi waliokuwapo bado wanaishi na bado hawasalimiani, palikuwa na mama mmoja katika milima ya Upare aliyeitwa Nakijwa. Mama huyo alifuga sungura asiyechinjwa, jina lake Pamba.

Wenzake walifuga sungura kwa ajili ya mchuzi, kama walivyofuga kuku. Lakini Pamba hakuwa mboga. Pamba alikuwa wa Elinami, mtoto wa pekee wa Nakijwa na mumewe Sefueli. Elinami aliugua selimundu tangu utotoni. Maumivu yalipomshika hakutaka kuguswa na mtu, hata na mama yake mzazi. Alitaka Pamba tu, awekwe kifuani pake. Sungura yule mweupe alijikunja pale, akatulia, akawa anachezesha pua yake, na kijana akashusha pumzi.

Elinami akafa. Pamba akabaki.

Kila asubuhi Nakijwa alikwenda kumkatia majani ya mchunga, akarudi, akaketi kando ya banda mpaka Pamba aje aweke kidevu juu ya mguu wake. Majirani walinong'ona kwamba msiba umemharibu akili. Akawaacha wanong'one.

Basi Pamba akapata mimba kwa dume la jirani. Wiki ile ile ya harusi ya Nietiwe, binti wa Kiangi, kaka mdogo wa Nakijwa, sungura alijinyonyoa manyoya ya kifua, akayatandika ndani ya sanduku la kuzalia bandani, akazaa. Nakijwa alipenyeza vidole katika manyoya yale, akagusa vitu vidogo vya moto vinavyojongea. Akacheka. Alicheka kwa sauti, na tangu mazishi hakuwa amecheka hivyo. Sefueli, aliyekuwa ndani, alisimama na kikombe mkononi, akasikiliza.

Nyumba ya Kiangi ilikuwa juu kidogo ya nyumba yao, ikitenganishwa na ua wa miti tu. Kiangi akaja na habari.

"Dada, wakwe zetu wanatoka mjini. Nimenunua fataki. Watu wa huku hawajawahi kuziona zikipasuka juu ya milima yetu."

"Utaziwashia wapi?"

"Bondeni, uwanja wa shule."

"Kweli, Kiangi? Radi tu ilimfanya Pamba akatae kula siku nzima. Na sasa ananyonyesha."

"Bondeni, dada. Nimekuahidi."

Nakijwa hakutosheka. Akamwendea wifi yake Eliwaza, dada wa Sefueli, aliyejua wanyama tangu utoto.

"Wifi, mimi ni shangazi wa bibi harusi, sitaweza kubanduka. Ukitoka kanisani, pitia nyumbani. Uwaingize Pamba na watoto chumbani kwa Elinami, ufunge na dirisha."

"Nitawaingiza, wifi. Wewe nenda kamchezee binti yako ngoma."

Siku ikafika. Kanisani watu walijaa mpaka nje. Mvua ikanyesha mchana, ikakatika, sherehe ikahamia uani kwa Kiangi.

Eliwaza alipita nyumbani kama alivyoahidi. Akamkuta Pamba amelala mbele ya sanduku, akilitazama. Akanyoosha mikono. Mara akamkumbuka sungura wa baba yake, aliyehamishwa akiwa na watoto wachanga, akawala mmoja baada ya mwingine. Akarudisha mikono. Akajiambia: uwanja wa shule uko mbali, na nikimhamisha nitaua. Akachukua blanketi zito, akalifunika banda lote, akaongeza majani, akarudi harusini.

Kule juu, njia ya bondeni ilikuwa imegeuka utelezi. Bibi yake bwana harusi, ajuza anayetembelea mkongojo, akamshika Kiangi mkono.

"Baba, hizo taa za angani na mimi nitaziona? Bondeni siwezi kushuka, na sidhani kama nitaalikwa tena harusi nyingine."

Kiangi akaona huruma. Akaagiza boksi la fataki liletwe pale pale uani, nyuma ya ua wa miti. Akajiambia: dada aliniambia Eliwaza atawaingiza sungura ndani, alishapanga yote.

Jua lilipozama, mshereheshaji akatangaza, "Jamani, inueni macho!"

Fataki ya kwanza ikapasuka.

Nakijwa alikuwa ameketi kando ya bibi harusi. Sikio lake likamwambia mara moja kwamba hapa si bondeni, na kwamba mlio huu utapenya hata chumbani kwa Elinami. Akainuka nusu. Nietiwe akamng'ang'ania mkono.

"Shangazi, usiniache. Naogopa mlio."

Kiangi alikuwa amesimama karibu, hata mlio wa chafya angeusikia. Neno moja lingetosha. Lakini wakwe walikuwa wanatazama, mbingu imejaa rangi, ajuza analia kwa furaha. Nani asimamishe harusi kwa sababu ya sungura? Watasema nini? Watasema yule mama aliyerukwa na akili ndiye huyu. Nakijwa akaketi. Ya pili ikapasuka, akaketi. Ya tatu ikapasuka, akaketi, na kucha za Nietiwe zimemzama mkononi.

Mambo ya bandani alikuja kuyasikia baadaye, kutoka kwa mumewe.

Sefueli alikuwa ameteremka nyumbani kuchukua mabenchi. Ilipopasuka ya kwanza alisikia du! du! du! Pamba alikuwa anapiga sakafu kwa mguu wa nyuma, kama sungura wanavyoonyana wakihisi adui. Ilipopasuka ya pili, kimya. Sefueli akalifunua blanketi. Pamba alikuwa amejibana kwenye kona, masikio yamelala mgongoni, macho yametoka mpaka weupe unaonekana, moyo unampiga mpaka mwili wote unatikisika. Ilipopasuka ya tatu, akachomoka. Akaugonga waya, akaugonga ukuta, akatumbukia kwenye sanduku la watoto wake, akaruka nje, akatumbukia tena. Kisha akapiga ukelele. Mtu aweza kufuga sungura miaka na miaka asiisikie sauti yake. Sefueli aliisikia, nayo ilikuwa sauti ya mtoto.

Akafungua mlango wa banda. Akamnyakua, akambana kifuani. "Tulia mama, tulia, nipo." Lakini miguu ya nyuma ilikuwa inaning'inia, haikukanyaga kitu. Hapo ikapasuka fataki ya kufungia, kubwa kuliko zote. Pamba akapiga teke hewani kwa nguvu zake zote, na kitu kikalia ka! ndani ya mikono ya Sefueli.

Miguu ile haikupiga tena. Ikaning'inia kama kitambaa kilicholowa.

Fataki zilipokwisha Nakijwa alishuka mbio, akawakuta hivyo, mume amepiga magoti kwenye tope, sungura mapajani. Akapenyeza vidole ndani ya sanduku, katika manyoya. Vitu vidogo vilikuwa bado vya moto, lakini havikujongea. Vyote vilikuwa vimekanyagwa.

Hakulia. Kiangi akaja mbio, Eliwaza nyuma yake, na nyuma ya Eliwaza bwana mifugo aliyekuwa miongoni mwa wageni, mtu wa makamo aitwaye Mzava. Huyo akapapasa mgongo wa Pamba polepole, akasimama.

"Uti wa mgongo umevunjika. Hapa hakuna dawa. Sindano ya kumlaza asiamke iko kituoni, na barabara imekatika kwa mvua. Msimwache hivi, anaumia."

Mtu akaleta kisu kutoka jikoni kwa Kiangi, akakiweka juu ya banda, akaondoka. Nakijwa akakitazama, akasema, "Aliyemfikisha hapa ndiye amalize."

Pamba alikuwa anajaribu kujikokota kwa miguu ya mbele, haendi popote.

Kiangi akasema, "Dada, mimi nilivunja ahadi, sikatai. Lakini niliivunja kwa ajili ya ajuza wa watu. Na ulishasema sungura wataingizwa ndani. Wangekuwa ndani, ningeua nini? Aliyewaacha nje ndiye ashike kisu."

Eliwaza akasema, "Mimi niliwaacha nje kwa kuwa naijua silika ya sungura mzazi. Ningemhamisha, angewala. Niliambiwa fataki ziko bondeni. Nani alinitumia habari kwamba zimepanda juu? Na mgongo ule haukuvunjwa na blanketi. Kaka, ulimshikaje?"

Sefueli hakuinua uso. "Nilimshika kama mwanangu alivyokuwa akimshika. Alikuwa anapiga kelele, Eliwaza. Ulitaka nisimame nimtazame? Mikono ni yangu, ndiyo. Lakini mwenye kuogopa hajui anachokipiga, na mwenye kumtia hofu si mimi." Akamgeukia mkewe. "Mama Elinami, wewe ulikuwa karibu na Kiangi. Ulisikia ya kwanza?"

"Nilisikia."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema acha?"

Nakijwa akafungua mdomo. "Niliona aibu," akasema. "Nietiwe alikuwa amenishika mkono, nami niliona aibu mbele ya wakwe. Lakini sikuwasha mimi, sikumwacha nje mimi, wala sikumshika mimi. Mimi niliomba. Niliomba kwa huyu, nikaomba kwa yule. Mtu akishaomba kote huko, bado ni kosa lake?"

Kule juu mshereheshaji, asiyejua lolote, alikuwa anawaita ndugu wa bibi harusi waje kupiga picha.

Pamba akapiga tena ule ukelele, mfupi, dhaifu. Kiangi akageuza uso. Eliwaza akajifunika macho kwa khanga. Sefueli akanyoosha mkono kuelekea kisu, kisha akaurudisha kifuani.

Basi Nakijwa akakichukua. Akamlaza Pamba juu ya khanga yake ya harusi, akamfunika macho kwa kiganja, akamnong'oneza jambo ambalo hajamwambia mtu mpaka leo. Akammaliza. Akaosha kisu kwa maji ya pipa, akakirudisha jikoni kwa Kiangi, akapita katikati ya wageni na damu kwenye gauni, bila kumtazama mtu.

Tangu siku hiyo Kiangi hakanyagi kwa dada yake. Eliwaza akija kumwona kaka yake, huishia mlangoni. Sefueli na Nakijwa bado wanalala nyumba moja, wakiongea habari za shamba na mvua tu.

Sasa ninyi mnaosikiliza, mmewasikia wote wanne: aliyewasha, aliyewaacha nje, aliyemshika, na aliyenyamaza. Nakijwa ndiye aliyeshika kisu. Je, mkono wake ndio uliostahili kukishika? Na kama haukuwa wake, ulikuwa wa nani?